Picha ya Wazee na Deni la Mahari



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya haya, tumeletewa suala na kijana mmoja wa mji wetu. Wazee wake wametimiza miaka 50 ya ndoa, naye na nduguze wamekusudia kumwagizia mchoraji picha ya wazee hao, wamekaa pamoja, kwa rangi za mafuta. Akatuuliza: je, yafaa?

Twajibu kwamba wanavyuoni wamekhitilafiana. Wengi wao wameikataza picha ya mkono ya kiumbe chenye roho. Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, aliyefariki mwaka 1905, aliona kuwa penye faida, na pasipo khofu ya kuharibu itikadi, hapana ubaya. Nasi twaijua khabari ya Bibi Aisha, aliyetundika pazia lenye picha. Mtume akachukizwa, na pazia likakatwa likafanywa mito. Basi mwenye kutaka salama ya dini yake na asitundike.

Lakini tusiishie hapo, kwani ndani ya suala hili mna suala jingine: ndoa hukumbukwa kwa nini?

Mwaka 1634, mjini Amsterdam, tajiri Maerten Soolmans na mkewe Oopjen Coppit, waliooana mwaka uliotangulia, walichorwa na fundi Rembrandt, kila mmoja katika kitambaa chake, kimo kupita mita mbili. Na rangi ya mafuta haina haraka: hupakwa tabaka juu ya tabaka, na mara nyingi la chini hungojewa likauke. Mume akafa mwaka 1641. Mke akaolewa na mwengine. Mwaka 2016 Uholanzi na Ufaransa zilizinunua picha hizo kwa euro milioni 160. Tazameni! Rangi imeishi karibu miaka mia nne, na ndoa yenyewe haikufika miaka kumi. Tena ni yupi katika watazamaji ajuaye kama mke yule alitendewa wema nyumbani mwake?

Mtume wetu hakumwekea Bibi Khadija picha yoyote. Lakini baada ya kufa kwake, alipochinja kondoo alikuwa akiwapelekea nyama mashoga wa Khadija. Huo ndio ukumbusho: wema usiokatika.

Enyi ndugu, wangapi katika sisi tumeoa kwa mahari ya kutajwa, tukatoa kidogo, na baki tukasema "baadaye". Miaka ikapita, na deni lingali shingoni? Tulimwuliza kijana yule: Je, mama yako amelipwa mahari yake yote? Akainamisha kichwa, akasema hajui, wala hakupata kuuliza.

Tukamwambia: Kaulize kwa adabu. Ikiwa ni deni, msaidieni baba yenu kwa fedha ile ya mchoraji alilipe, maana hiyo ni haki ya mama yenu, si zawadi. Na ikiwa limekwisha lipwa, mwulizeni mwenyewe apendalo. Huenda ni hija. Huenda ni paa lisilovuja. Huenda ni nyinyi kukaa naye kila Ijumaa baada ya sala.

Mpaka tuandikapo haya hajatuletea jawabu. Nawe msomaji, usingoje jawabu lake. Uliza nyumbani kwako.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kulipa haki za wake zetu kabla hatujaitwa, na azijaze nyumba zetu mapenzi na huruma. Amin.