Mgeni Penye Msiba

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipasuka penye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, likaua watu zaidi ya 200. Nasi tulikuwa wageni mjini siku zile. Kesho yake tulikwenda kutazama. Vioo vilitapakaa njiani. Mama mmoja akatuuliza, “Wanangu, mnamtafuta nani?” Tukakosa la kujibu, maana tulitafuta habari tu ya kusimulia nyumbani.

Je, kutazama ni dhambi? Rafiki za Ayubu nao walimtazama, lakini wakaketi naye chini siku saba, wasiseme neno. Basi tukaenda kupanga safu pamoja na wenyeji, tutoe damu. Ndugu, ukifika penye msiba, jiulize kwanza: Namtafuta nani?