Vyombo Vipya vya Elimu na Wajibu wa Wazazi



Katika kata ya Mabogini, kule tambarare chini ya mji wa Moshi, mahali ambapo maji ya mlima huingia katika majaruba ya mpunga, wazazi siku hizi wanaulizana neno lile lile wanaloulizana wazazi wa Mbeya, wa Bukoba na wa Dar es Salaam: je, mtoto anayesoma apewe simu, au asipewe? Wapo wanaoifungia simu sandukuni na kuihesabu kuwa chombo cha Shetani. Wapo pia wanaomkabidhi mtoto simu tangu asubuhi hadi usiku, mradi anyamaze, wakidhani ya kuwa elimu itaingia yenyewe kichwani mwake kama mvua iingiavyo shambani. Sisi twasema ya kuwa wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: wameiacha kazi ya ulezi, mmoja kwa hofu, wa pili kwa uvivu.

Kwanza tuseme na mwenye hofu. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya Kilema, mwaka 1890, kitabu na kalamu vilikuwa vyombo vigeni kwa watu wengi wa Kilimanjaro. Hata hivyo, kwa vyombo hivyo wana wa mlima walijifunza kusoma, nao wakawa walimu, makatekista na mapadre. Baadaye mitambo ya chapa ya Tabora na Peramiho ilipeleka maandishi vijijini, na redio ikafika mahali ambapo gazeti halikufika. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulifundisha ya kuwa vyombo hivi ni matunda ya akili ambayo Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu, navyo vyaweza kumfaa sana vikitumiwa sawasawa. Basi chombo si dhambi.

Faida yake tumeiona hapa hapa nchini. Kati ya mwisho wa mwaka 1947 na leo mambo mengi yamejaribiwa katika elimu, lakini jaribio moja la karibuni lastahili kukumbukwa. Tangu mwisho wa mwaka 2017 hata mwanzo wa mwaka 2019, katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, watoto karibu 2,700 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vilivyotiwa nguvu kwa umeme wa jua. Lilikuwa shindano la kimataifa la XPRIZE, lililoendeshwa pamoja na UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na Serikali yetu. Wengi wa watoto hao walikuwa hawajapata kwenda shule, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, hesabu ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Nani atathubutu kusema ya kuwa hili ni jambo dogo? Mtoto aliyekuwa gizani amefunguliwa mlango. Kadhalika, shule zilipofungwa mwezi wa Machi mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, vipindi vya redio na televisheni viliwafaa watoto wengi waliobaki nyumbani.

Lakini sasa tuseme na yule wa pili, anayemwachia mtoto chombo na kwenda zake. Tazama tena habari ile ya Tanga. Nusu walianza kusoma. Nusu ya pili je? Chombo kilikuwa kile kile, jua lile lile. Maana yake ni kwamba chombo, hata kikiwa chema namna gani, hakimalizi kazi. Tena katika vijiji vile waliwekwa akina mama wa kuvitunza vishikwambi na kuwaangalia watoto. Hata wataalamu waliotaka kujua kama mtoto aweza kujifunza bila mwalimu hawakuthubutu kumwacha bila mama.

Watu wa Mabogini hawana haja ya kwenda mbali kulifahamu jambo hili. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, uliwaletea mifereji ya saruji, milango ya kugawia maji na kilimo kipya cha mpunga. Mavuno yakaongezeka sana. Lakini wakulima wa upande wa juu, walipoiona faida, nao wakalima mpunga na kuyachukua maji; yakawa hayatoshi, yakazuka manung'uniko, na majaruba mengi ya chini yakakosa maji. Je, mifereji ilikuwa mibaya? La. Wazee wa mlimani, walioichimba mifongo yao kabla ya saruji kujulikana, walijua ya kuwa mfereji hauwi mfereji bila mapatano, bila zamu, na bila mtu anayejua saa ya kufungua na saa ya kufunga. Maji yale yale huotesha mche, na yale yale huuzamisha.

Basi ni hatari gani zinazomngoja mtoto aliyeachwa peke yake na simu? Tuzitaje bila kuona haya. Iko picha chafu, inayomharibu moyo kabla hajajua heshima ya mwili wake. Uko mchezo wa kamari, unaomfundisha kijana kungoja fedha asizozitolea jasho. Wako watu waovu wanaojifanya rafiki: uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, INTERPOL na ECPAT ulionyesha ya kuwa, katika watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, 4 katika kila 100 walikuwa wametendewa unyonyaji wa kijinsia kwa njia hiyo ndani ya mwaka mmoja. Mzazi, usiseme ya kuwa ni wanne tu. Mmoja wao aweza kuwa amelala chumba cha pili.

Iko na hatari nyingine, nayo ni ya kimya zaidi. Siku hizi ipo akili mnemba, mashine inayoandika insha na kukokotoa hesabu kwa dakika moja. Mtoto huipa swali, hupokea jibu, hunakili, hupata alama. Mwalimu hufurahi, mzazi hufurahi, na mtoto hajajifunza kitu. Waraka uliotolewa na Vatikano mwezi wa Januari mwaka 2025 juu ya akili mnemba waonya ya kuwa elimu si kujaza majibu, bali ni kumkuza mtu mzima, akili na moyo, na kwamba kuwapo kwa mwalimu hakuna badala yake. Mkulima ajuaye jembe hafurahii mavuno ya kuibiwa. Nasi tusimfurahie mtoto kwa alama zisizo zake.

Tena tusisahau haki. Mwalimu akipeleka kazi za nyumbani kwa simu za wazazi, afanye nini yule mtoto wa kibarua wa shamba la miwa, ambaye nyumbani kwake hamna simu ya namna hiyo, au ipo lakini hamna fedha ya kununua bando? Anakuja shuleni asubuhi na kuitwa mvivu, naye si mvivu ila ni maskini. Chombo kinachomwinua mmoja na kumwaibisha mwenzake bado hakijawa chombo cha elimu.

Basi tufanyeje? Mtaguso wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulitukumbusha ya kuwa wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Kazi hii haiuzwi, wala haikodishwi kwa mashine. Na iwe hivi: mtoto mdogo sana asipewe kioo cha kumbembeleza. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilishauri ya kuwa mtoto asiyetimiza mwaka asitazame kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Mtoto wa shule na atumie chombo sebuleni, mbele ya watu, kwa saa iliyopangwa. Usiku simu zote, pamoja na ya baba, zilale mahali pamoja. Wakati wa chakula na wakati wa sala ya jioni zinyamaze. Mzazi asiyejua kutumia chombo asione aibu kumwambia mwanawe, "Nionyeshe ulilosoma leo". Kwa neno hilo mtoto hujifunza mara mbili, na mzazi hujua nini kinaingia nyumbani mwake. Bibi na babu, ambao wengi wameachiwa wajukuu, wasaidiwe na jirani na jumuiya ndogo ndogo.

Nanyi walimu, toeni kazi ambayo mtoto asiye na simu aweza kuifanya. Na parokia zenye chumba na umeme zifungue mahali ambapo watoto wote watasoma pamoja chini ya macho ya mtu mzima mwaminifu.

Nanyi vijana, mnaye wa kumwiga. Carlo Acutis, mvulana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alitumia ujuzi wake wa kompyuta kueneza habari za miujiza ya Ekaristi, na tarehe 7 Septemba 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtakatifu. Yasimuliwa ya kuwa alijiwekea mwenyewe mpaka wa saa moja kwa juma kwa michezo ya kompyuta. Hakuikimbia mashine, wala hakuwa mtumwa wake.

Wazazi wapendwa, Bwana wetu alikua Nazareti katika hekima na kimo mbele ya macho ya Maria na Yosefu. Hata Yeye, Mwana wa Mungu, alikubali kulelewa. Siku moja tutaulizwa habari za watoto tuliokabidhiwa. Hatutaulizwa kama tuliwanunulia vyombo vizuri. Tutaulizwa kama tulikuwa pamoja nao. Leo jioni, basi, kabla taa haijazimwa, kaa na mwanao, umwulize anasoma nini, umsikilize hata mwisho.