Hiari ya Mhusika: Mwili wa Mwanamke katika Michezo ya Video na Historia ya Meru

Mnamo mwaka 2015 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Metal Gear Solid V: The Phantom Pain. Miongoni mwa wahusika wake ni Quiet, mlenga shabaha hodari ambaye aghalabu huonekana vitani akiwa karibu uchi. Hadithi yenyewe inatoa sababu: Quiet hupumua kwa ngozi, hivyo nguo zingemdhuru. Utetezi huu unazua swali la kimaadili: je, mhusika aweza kusemwa kuwa ameridhia namna alivyosawiriwa?

Jibu ni la. Hitaji la Quiet halikuwepo kabla ya msanii kulitunga. Katika mchezo wa mwaka 2004 wa mfululizo huohuo, mzee The End, naye mlenga shabaha, hupata nguvu kutokana na mwanga wa jua, lakini amevishwa nguo za kivita. Ajabu ya kimaumbile inakaribiana. Tofauti ni jinsia na jicho linalokusudiwa kufurahishwa. Kinachoitwa hiari ya mhusika, basi, ni hiari ya mbunifu iliyovishwa sura ya mwanamke.

Yamkini mtu akasema kwamba picha hizo ni za Japani, na kwamba kijana wa Kangeta anayezitazama hana budi kukingwa nazo kwa mila zake. Hata hivyo, historia ya Meru inatahadharisha. Mnamo Aprili 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, likiungwa mkono na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wilayani humo. Wasichana wengi walikaidi na kukeketana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa.

Hapana shaka kwamba tendo lile lilikuwa na madhara. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inalikataza waziwazi. Lakini kisa hicho kina mafunzo mawili. Kwanza, marufuku yenye nia njema yaweza kuugeuza mwili wa msichana kuwa uwanja ambamo wengine hutoa amri. Pili, hiari peke yake haitakasi tendo, kwa kuwa mtu aweza kuchagua kile ambacho jamii imekwisha kumfunza kukitamani. Ngaitana walikuwa na sauti, hata pale ilipowaelekeza kwenye jeraha. Quiet hana hata hiyo.

Kwa hiyo, kipimo cha mhakiki hakiwezi kuwa urefu wa nguo. Kipimo hicho ndicho walichokitumia wanaume waliowavua wanawake nguo hadharani jijini Nairobi mwaka 2014, wakidai kulinda heshima, hadi wanawake wakaandamana mwezi wa Novemba. Anayemvua mwanamke kwa kuwa nguo yake ni fupi na anayemchora nusu uchi ili atazamwe wanaafikiana katika jambo moja: kwamba mwili huo upo kwa ajili ya mtazamaji.

Swali linalofaa ni hili: je, mwili wa mhusika unatumikia matendo yake mwenyewe, au unamtumikia anayemtazama? Mhakiki asiyeuliza hivyo, hata akidai nguo ndefu zaidi, atakuwa ameketi tu katika kiti cha wazee wa mwaka 1956.