Chakula cha Kupewa na Wajibu wa Kuchagua

Kinga ni bora kuliko tiba: neno hili twalisikia zahanati, shuleni na redioni. Twaambiwa tule vyakula vya namna mbalimbali, tuzidishe mboga na matunda, tupunguze sukari na chumvi, nayo magonjwa mengi yatatuepuka. Ni shauri jema, wala hatulipingi. Lakini kila shauri la kuchagua lafikiri kwamba anayeshauriwa ana cha kuchagua. Je, yule ambaye chakula chake chapimwa na mkono wa mwingine, naye ana wajibu gani? Na sisi tunaomtazama, twaweza kumhukumu kwa haki?

Swali hili si la vitabuni tu. Katika nyanda za juu za Kigoma, wilayani Kasulu, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea watu waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini. Mwaka 2015 Warundi nao walimiminika, kambi ikapita watu 150,000. Na huko Kibondo kambi ya Nduta ikafunguliwa tena. Posho ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ilikuwa hasa unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta ya kupikia na chumvi. Kipimo kamili ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mwaka 2017 fedha zilipopungua, posho ilishushwa hadi asilimia 62 ya kipimo hicho. Mwaka 2023 ikashushwa hadi asilimia 50. Nayo sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 yawataka wakae katika maeneo waliyopangiwa, wasitoke bila kibali. Basi mtu hawezi kwenda kukodi shamba Kasulu, wala kutafuta kibarua atakako.

Sasa na tutazame jambo linalolaumiwa sana. Mama apokea posho, kisha achukua vibaba kadhaa vya unga na kuviuza, au kuvibadilisha kwa dagaa, mawese, lengalenga, nyanya, au unga wa muhogo aliouzoea tangu utotoni. Watu wengine husema: “Tazameni! Wapewa bure, nao wauza. Kumbe hawana njaa.” Maneno haya yaonekana kuwa na akili, lakini tukiyachunguza twaona yamejengwa juu ya kosa moja: kudhani kwamba kujaza tumbo na kuulisha mwili ni jambo moja.

Si jambo moja. Huko Malawi, wakimbizi wa Msumbiji walipewa mahindi mwezi baada ya mwezi, lakini karanga zilizokuwa sehemu ya posho zikakosekana. Mwaka 1990 wagonjwa zaidi ya 18,000 walipatikana na pelagra. Ugonjwa huo hubabua ngozi mahali panapopigwa na jua, huharisha, tena huweza kuvuruga akili na kuua. Chanzo chake ni kukosa niasini, vitamini ambayo mwili hauwezi kuipata vizuri katika mahindi yaliyopikwa hivihivi. Walioendelea kupata karanga, na waliokuwa na bustani, waliugua kwa uchache. Basi hao walioweza kujitafutia kitu cha nje ya posho ndio waliokingwa. Mama auzaye kibaba cha unga ili apate dagaa anafanya kwa busara yake kazi ile ile ambayo tabibu angemwagiza.

Lakini hapa twapaswa kupambanua. Mtu aweza kusema: “Mtoaji alitoa chakula ili kiliwe, kukiuza ni kumdanganya.” Nasi twajibu: mtoaji hakutoa unga kwa ajili ya unga, alitoa kwa ajili ya uhai wa mtu. Kinachotumikia uhai huo hakiendi kinyume cha nia yake, hata kikipita sokoni. Baba auzaye posho ya watoto akanywe pombe, huyo amewaibia walio wadogo kuliko yeye. Auzaye anunue mboga, sabuni au kuni za kupikia maharage hakumwibia mtu. Tendo laonekana moja, lakini nia na matokeo yake ni mbalimbali. Haifai kumtia mama katika hukumu ya mlevi.

Je, twasema basi kwamba maskini hana wajibu wowote? Hapana. Kumwondolea mtu wajibu wote ni kumwondolea pia utu wake. Hata katika sufuria iliyopungua yapo mambo ambayo mkono wa mpishi bado wayatawala. Kuloweka maharage usiku hupunguza kuni. Chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata chuma kilichomo katika mboga na kunde, kwa hiyo yafaa kuisubirisha. Limau au papai likiwapo, husaidia kukipata. Miche ya lengalenga yaweza kuota kandokando ya nyumba, ikinyweshwa maji yaliyooshea vyombo. Na lililo kubwa kuliko yote ni mgawanyo: mjamzito, anyonyeshaye na mtoto mchanga wasingoje mabaki ya wakubwa. Hili halihitaji fedha. Lahitaji haki mezani.

Lakini wajibu hupimwa kwa uwezo. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba mgeni asiye na jembe hubaki mgeni daima, naye mwenyeji huchoka. Mwishoni mwa mwaka 2016 wakimbizi wapatao 10,000 wa Nyarugusu walianza kupewa fedha badala ya chakula, wanunue wenyewe wanachohitaji. Mwaka 2017 mpango huo ulisimamishwa. Hatusemi kwamba mambo ya nchi na usalama wake ni mepesi. Twasema tu kwamba haiwezekani kumnyima mtu jembe na soko, kisha kumlaumu kwa kula vibaya.

Na hapo lawama yaturudia sisi wenye jembe na soko. Kigoma ni nchi ya maharage, mawese na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Lakini ziko nyumba zinazouza maharage yote, watoto wakabaki na ugali mkavu. Mijini twaiacha dona yenye virutubisho, twafuata sembe nyeupe kwa sababu ya weupe wake; twamnunulia mtoto soda, kumbe papai lauzwa mlangoni. Kisha kisukari na shinikizo la damu vikija twashangaa vimetoka wapi. Yule mama wa Nyarugusu ahangaika kutwa nzima atafute kitoweo cha namna ya pili. Sisi tulio nacho twakipita njiani.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Basi, wasomaji wapenzi, kabla ya kuhesabu vibaba alivyouza jirani, na tutazame sahani zetu wenyewe. Aliyepewa nafasi ya kuchagua atadaiwa zaidi kuliko yule aliyepimiwa.