Elizabeth wa Toro na Ndimi Zetu



Ndugu msomaji, picha yenyewe huenda umeiona. Ni ya zamani, nyeusi na nyeupe: mwanamke mrefu, shingo ndefu, anaitazama kamera kama mtu asiye na haraka. Kila baada ya miezi michache inarudi kwenye kundi letu la WhatsApp la hosteli. Mmoja ataandika mashallah, mwingine atauliza ni nani, na hatimaye atatokea wa tatu na sentensi ileile: "Si ndiye yule wa uwanja wa ndege?" Hapo zinafuata alama za kicheko. Nami nimewahi kuzitia.

Anaitwa Elizabeth Bagaya, binti wa Rukidi III, Omukama wa Toro. Alizaliwa mwaka 1936. Alisoma Gayaza, akapelekwa Uingereza, akahitimu Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1962. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili wa mahakama za Uingereza. Miaka miwili baadaye Obote alifuta falme za Uganda, na huko London dada huyu akaalikwa na Princess Margaret kwenye maonyesho ya mavazi ya Jumuiya ya Madola. Kutoka hapo maisha yake yakageuka. Akawa mwanamitindo wa majarida makubwa ya dunia, na mwaka 1969 sura yake ikawekwa kwenye jalada la Harper's Bazaar, wakati ambao mwanamke mweusi kuonekana mahali kama hapo lilikuwa jambo la ajabu. Aliigiza kwenye filamu iliyotokana na riwaya za Chinua Achebe. Baadaye, mwaka 1984, Hollywood ilimtia katika Sheena, filamu iliyopigwa Kenya, akiwa mganga anayemlea msichana wa Kizungu porini. Kusema kweli filamu hiyo haistahili saa mbili za mtu mwenye mitihani. Wakili wa Cambridge, aliyekwisha kuwa waziri, anapewa nafasi ya mganga wa kijijini! Lakini hilo ni la Hollywood, na Hollywood ina hesabu zake.

Yote haya vijana wetu hawayajui. Wanajua moja tu.

Idi Amin alipotwaa nchi Januari 1971 alimpa Elizabeth ubalozi, na Februari 1974 akamfanya Waziri wa Mambo ya Nje. Aliyemtangulia, Michael Ondoga, aliondolewa kazini, na mwezi uliofuata maiti yake ikapatikana katika Mto Nile. Kwa hiyo bibi huyu alipokalia kiti kile alijua wanaoondolewa wanakwenda wapi. Mwaka huohuo aliisemea Uganda mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Novemba akafukuzwa, na Amin akatangaza sababu: kwamba akiwa safarini alizini na mwanamume wa Kizungu asiyejulikana, katika choo cha uwanja wa ndege wa Orly, Paris. Hakuletwa shahidi. Hakutajwa jina la huyo Mzungu. Elizabeth akazuiliwa nyumbani, na Februari 1975 akatorokea Kenya kuokoa roho yake, kisha akapata hifadhi Uingereza. Huko Ulaya magazeti kadhaa yalikuwa yamekwisha kuirukia habari hiyo, mengine yakatoa picha za utupu yakidai ni zake. Aliyadai, na yakamlipa fidia.

Magazeti ya Wazungu yalilipa. Sisi bado tunacheka bure.

Hadithi za waigizaji na kashfa zao si za kwetu peke yetu. Mwaka 1950 seneta mmoja wa Marekani alisimama ndani ya Seneti akamshutumu Ingrid Bergman kwa uhusiano wake na mwongozaji filamu wa Kiitalia, Roberto Rossellini. Miaka michache baadaye Bergman alirudi kwenye filamu za Hollywood na kupata Oscar kwa filamu ya Anastasia, na mpaka leo wapo wapenzi wake wanaobishana kama alitendewa haki. Lakini wao wanabishana juu ya jambo lililotokea, wenyewe hawakulificha. Sisi tumeshikilia neno la mtu mmoja, lililotolewa na mwenye bunduki dhidi ya asiyekuwa nayo.

Nilipoanza kulifikiria jambo hili nilikwenda kwa babu yangu mzaa baba, ambaye alikuwa askari wakati huo. Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina mapambo. Nilimuuliza, "Babu, mlipotangaziwa ile habari ya waziri, mliamini?"

Alikaa kimya, akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imekwisha kuyeyuka.

"Sisi tulicheka," akasema. "Ilikuwa lazima kucheka."

Nikamuuliza kama leo angecheka. Akaniambia niangalie mbuzi wamefika wapi.

Jibu lake limenikaa. Askari wa mwaka 1974 ambaye hakucheka angeulizwa kwa nini hacheki. Mimi nilizitia zile alama za kicheko nikiwa kitandani, tumbo limejaa rolex ya Wandegeya, na hakuna mtu yeyote duniani aliyenilazimisha.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe, maana nimelisikia likijibiwa vibaya hata baada ya darsa, na ndugu wenye elimu kuliko mimi.

Jibu la kwanza ni kwamba aliyataka mwenyewe. Mwanamke aliyeuza sura yake kwa majarida, akavaa alivyovaa, atalalamikaje watu wakisema? Mimi sitakuja hapa kuutetea uanamitindo. Dini yetu ina maneno yake juu ya sitara, nayo tunayajua. Lakini angalieni hoja inavyokwenda. Inasema kwamba heshima ya mtu ni mshahara: ukivaa vizuri unalipwa, ukivaa vibaya unakatwa. Nani kasema hivyo? Mtume (S.A.W.) katika hija ya kuaga alipotaja utukufu wa damu, mali na heshima zetu, hakuweka sharti la urefu wa nguo. Aliyekosea hapa atahesabiwa kwa kosa hili. Huruhusiwi kumwongezea kosa la pili kutoka mfukoni mwako. Nasi tunalijua hili vizuri sana kwenye mali. Hakuna anayesema kwamba dada asiyevaa hijabu ni halali kumwibia simu.

Jibu la pili ni la wasomi. Ndugu mmoja aliniambia, "Akhi, aya ya kuwasingizia wanawake katika Sura ya An-Nur inawataja wanawake waumini. Huyo ni Mkristo." Na kweli, wanazuoni wengi wameweka Uislamu wa msingiziwa kuwa sharti la ile adhabu ya viboko themanini. Lakini wanazuoni haohao hawakusema kwamba kumsingizia asiyekuwa Mwislamu ni halali. Walisema adhabu iliyowekwa haimpati msingiziaji, na kadhi atamtia adabu kwa namna atakayoona inafaa. Yaani dhambi ipo palepale, kilichobadilika ni fimbo. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, na nilifurahi, na baadaye niliona haya kwa kule kufurahi kwangu, kwa sababu mwezi mmoja kabla mimi ndiye niliyekuwa nacheka.

Jibu la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa lina sura ya uchaji Mungu. Mtu anasimulia kisa chote, choo na Mzungu na Paris, kisha anamalizia, "Allahu a'lam, huenda ni kweli, huenda si kweli." Anadhani amejiweka katikati, hakuthibitisha wala hakukanusha. Mimi nasema katikati hapo hapana nafasi ya kusimama. Kitabu chetu hakikusema kwamba tuhuma isiyo na mashahidi wanne ibaki hewani mpaka siku itakapojulikana. Kimesema waliokosa kuleta mashahidi ni waongo mbele ya Mwenyezi Mungu. Basi mzigo wote uko kwa msemaji. Asiye na mashahidi ana njia moja ya kutokuwa na upande, nayo ni kunyamaza. "Allahu a'lam" ni neno tukufu, na sisi tumelifanya kitambaa cha kufutia midomo.

Kumbukeni pia nani walioshikwa na fitina ya kumsingizia Bibi Aisha (R.A.). Wanafiki waliianzisha, lakini neno halikutembezwa na wanafiki peke yao. Mistah alikuwa miongoni mwao, na Mistah alipigana Badr. Alikuwa ndugu wa Abu Bakr, akila chakula cha nyumba ileile aliyoivunjia heshima. Hakulitunga neno. Alilipokea na kulipitisha, kama tunavyopitisha. Na Qur'ani ilipoteremka kumtakasa mama wa waumini haikulirudia lile lililosemwa, wala haikutaja majina. Hili nimelifikiria sana nilipokuwa naandika, kwa sababu mimi humu nimelitaja jina na nimeutaja uzushi. Nimeona kwamba kwa jambo ambalo kila mtu Kampala amelisikia, kulikanusha bila kulitaja kungewaacha wasomaji wakiulizana pembeni. Huenda nimekosea. Kama nimekosea, nionyesheni.

Kuna neno moja ambalo ni gumu kulisema kwenye jarida letu, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Aliyeutoa uzushi huu ni Mwislamu. Ndugu zetu wengi, na hasa wazee, wanamkumbuka Amin kwa mema: kwamba wakati wake Mwislamu wa Uganda alinyanyua kichwa, kwamba Baraza Kuu la Waislamu liliundwa mwaka 1972, kwamba kilima cha Old Kampala ambapo leo unasimama msikiti mkubwa tulipewa wakati huo. Mimi huswali pale mara nyingi na siwezi kusema kwamba hayo hayakutokea. Wengine huongeza kwamba mwaka huohuo wa 1972 alipiga marufuku sketi fupi, wakiisifu kama hatua ya kulinda stara. Sawa. Lakini mtawala aliyelinda magoti ya wanawake kwa sheria ndiye aliyemvua waziri wake nguo kwa ulimi mbele ya dunia nzima. Tukilisifu la kwanza na kulichekea la pili, basi si stara tuliyokuwa tunaipenda.

Tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Aya hiyo tunaisoma sana kwenye mihadhara tukizungumzia serikali za watu wengine. Mkristo wa Kampala akicheka kile kisa, anacheka kisa. Mwislamu akikicheka, anamshika mkono msingiziaji kwa sababu ni wa kwao, hata kama hakukusudia. Na wapo wanaotutazama. Mwaka jana mwanafunzi mwenzangu wa kike kutoka Fort Portal, si Mwislamu, aliniuliza kwa upole kama kwetu inaruhusiwa. Sikumuelewa. Akasema, "Kusema vile juu ya mwanamke." Nilimjibu haraka kwamba haramu kabisa. Akaniuliza, "Basi mbona mnacheka?"

Nisingeandika kama jambo lingekuwa la mwaka 1974 tu. Muhula uliopita picha ya dada mmoja ilizunguka kwenye simu za hosteli zetu, na maneno chini yake. Nani aliipiga, ni yeye au si yeye, hakuna aliyejua, na kila aliyeituma alimalizia na lile neno letu tukufu. Dada yule hakurudi kumalizia mitihani. Hana Cambridge, hana wakili London, na hakuna gazeti litakalomlipa fidia, kwa sababu walioitangaza habari yake ni sisi, na sisi hatuna ofisi ambayo mtu anaweza kupeleka barua. Niliwahesabu niliowaona wakiituma. Tisa. Sita kati yao tunaswali safu moja alfajiri.

Elizabeth Bagaya alirudi nyumbani. Serikali ya mwaka 1986 ilimfanya balozi wa Uganda Marekani, na baadaye akawakilisha nchi kwingine. Alifiwa na mumewe, rubani, katika ajali ya ndege Morocco mwishoni mwa mwaka huohuo. Aliandika maisha yake mwenyewe kitabuni, kwa hiyo anayetaka kumjua hana haja ya kumuuliza mtu wa hosteli. Na sidhani kuna ubaya kuvutiwa naye. Mtu aliyepita njia zile zote, kutoka ikulu ya Toro mpaka jalada la jarida, kiti cha uwaziri na kuvuka mpaka akikimbia, anavutia, na ningemshangaa asiyevutiwa.

Ijumaa iliyopita picha ilirudi tena kwenye kundi. Swali likaja, kama kawaida. Safari hii niliandika: wakili 1965, Waziri wa Mambo ya Nje 1974, balozi 1986, na lile mnalolisema halina shahidi hata mmoja. Mmoja alijibu kwa alama ya kicheko. Mwingine aliniuliza tangu lini nimekuwa sheikh. Wengine wote kimya, na baada ya muda picha ikapotea juu huko, ikafunikwa na tangazo la darsa la Jumamosi na mtu anayeuza jiko la gesi.