Tulichosema Akiwa Amelala

Mama yule alikuwa na kilo 142. Upasuaji ulipokwisha tulihitaji watu sita kumtoa mezani na kumweka kitandani. Mmoja wetu akasema, "Leo tungeagiza winchi." Tukacheka. Nami nilicheka.

Ninasoma shahada ya uzamili katika taaluma ya dawa ya usingizi, na ninajua kwa nini wagonjwa wanene hututia hofu. Uzito wa kifua na tumbo hubana mapafu, akiba ya oksijeni huwa ndogo, na pumzi ikikatika oksijeni hushuka haraka kuliko kwa mtu mwembamba. Kwa hiyo tulimwinua kichwa na kifua, tukasubiri afumbue macho, anibane mkono, apumue mwenyewe. Ndipo nikamtoa mpira kooni.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nimewasumbua, mwanangu?"

"Hapana, mama."

Tangu siku hiyo najiuliza: tulimkosea? Jibu rahisi ni kwamba hakusikia, basi hakuumia. Lakini mwizi akiniibia nikiwa usingizini, nami nisigundue maisha yangu yote, bado nimeibiwa. Utasema kicheko hakichukui kitu. Kwa mgonjwa wetu kilichukua. Mama yule alikuwa ametukabidhi hata pumzi yake, akiamini kwamba atakayelala pale mezani ataendelea kuwa yeye. Kwa dakika moja tulimfanya mzigo.

Najua pia kwamba utani hutusaidia kustahimili kazi. Tulikuwa tumechoka, na mimi nilikuwa naogopa. Ila hofu ilikuwa yangu na mikono dhaifu ilikuwa yetu. Tungeweza kujicheka wenyewe. Tulimchagua yeye kwa sababu ndiye pekee asiyeweza kujibu.

Na swali lake linanirudia. Mtu hazinduki akiomba radhi kwa uzito wake kama hajawahi kuambiwa, akiwa macho, kwamba anasumbua. Nadhani utani wetu alikuwa ameshausikia mara nyingi kabla hajafika kwetu.

Wiki iliyofuata tulikuwa na mgonjwa mwingine mnene. Kabla ya kumhamisha nikamwinamia. "Mama, tunakuhamisha sasa. Tuko sita, usiwe na wasiwasi."

Mwenzangu akanitazama. "Unaongea na nani? Si bado amelala?"

"Naongea naye," nikasema, kisha tukahesabu hadi tatu, tukamwinua.