Zoezi la Huruma
(Luka 10:25–37)

Tusomapo habari za yule kuhani na yule Mlawi, twapenda kusema kwamba walizaliwa na mioyo migumu. Kumbe huruma nayo hufunzwa.

Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitangaza habari za jaribio lao. Watu wazima wenye afya walikaa kimya dakika 30 kila siku, majuma mawili tu, wakiwatakia watu kupona mateso yao: kwanza mpendwa, kisha nafsi zao, kisha mgeni, na mwisho mtu waliyekosana naye. Baadaye, katika mchezo wa fedha ambamo mmoja alidhulumiwa, hao walitoa fedha zao kumsaidia kuliko wenzao waliofunzwa zoezi jingine. Asili ya zoezi hilo ni kwa watawa wa Kibudha; lakini tusiliogope, maana sisi tumeagizwa na Bwana kuwaombea adui. Wala halituhesabii haki; haki ni kwa neema.

Tena Tania Singer, wakati huo akiwa Leipzig (mji uleule uliotuma wamisionari Kilimanjaro mwaka 1893) na wenzake walionyesha mwaka 2014 neno lituhusulo sana sisi tuwazungukiao wagonjwa. Waliofunzwa kuumia tu pamoja na mwenye maumivu walilemewa. Walipofunzwa kumtakia mema kwa upendo, walipata nguvu tena. Ni walimu wangapi wa kanisa warudio kutoka msibani wakiwa wakali kwa watoto wao! Waluguru walijua jambo hili zamani: watani hawaketi kulia na wafiwa, bali hushika kazi za mazishi na kuwachekesha.

Hapa Mlali sisi nasi tulijaribu, kila alfajiri kabla ya sala. Siku za kwanza zilikuwa nyepesi: mama, watoto, wagonjwa. Ilipofika zamu ya jirani aliyetuzibia mfereji wa bustani wakati wa kiangazi, ulimi wetu ulikauka. Tulirudi kwa mama. Siku ya tisa ndipo tulipoweza kulitaja jina lake bila hasira. Maji hayajarudi, ila usingizi umerudi. Jumamosi tulikutana naye akitelemka na mzigo wa kabichi. Tukamwamkia, tukamwuliza mguu wa mkewe waendeleaje. Akatua mzigo ili ajibu.